Kombe la Chalenji lirudi, au lizikwe kabisa?

Mzee wa Ilala: Wakuu, tangu Desemba 2019 pale Lugogo, Uganda walipowapiga Eritrea 3-0, Chalenji ya wakubwa, kombe la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, haijachezwa. 2021 kule Ethiopia waliletwa vijana wa chini ya miaka 23. Kombe hili lilianza kama Gossage, 1926, Kenya na Uganda tu, udhamini wa mtengeneza sabuni. Tanganyika tukaingia 1945, Zanzibar 1949. AFCON 2027, kombe la mataifa ya Afrika, inakuja kwetu Tanzania, Kenya na Uganda. CECAFA, shirikisho la soka la ukanda wetu, walirudishe sasa. Mnasemaje?

Kasarani Kwetu: Litachezwa na nani? Halimo kwenye kalenda ya FIFA, klabu haziachii wachezaji. Mtaleta timu B uwanja mtupu. Na mkirudisha, muwe waungwana: Tanzania iingie kama timu moja. Zanzibar ni mkoa tu, mbona sisi hatuleti Mombasa?

Gombani Juu: Mkoa wa nani? Mwenzangu, umesahau fainali ya Machakos 2017, Kenya na Zanzibar? Huo mkoa uliwasawazishia mara mbili, 2-2, mkaenda kuokolewa na matuta. Na 1995 tulilibeba kule kule Uganda.

Kasarani Kwetu: Kwenye matuta nani alishinda? Kipa wetu Matasi alidaka tatu. Kombe liko Nairobi.

Mbale Boy: Ndugu zangu, makombe 15 yako Uganda. Nyinyi mnagombania mabaki.

Mzee wa Ilala: Jamani, mada ni kurudisha mashindano. Mabaki hayo na sisi tumo, 2010 uwanja wa Taifa tuliwafunga Ivory Coast kwa penalti ya Nsajigwa.

Mbale Boy: Ivory Coast waalikwa, na hawakuja na nyota wao Drogba. Hiyo nayo unaihesabu?

Mzee wa Ilala: Kombe ni kombe! Kwani nyinyi mlipowafunga Eritrea mlimkuta Drogba?

Bi Chake: Nawasoma tangu asubuhi na roho inaniuma. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa, hapa Pemba. Fainali na Burkina Faso nilikuwepo uwanja wa Gombani, foleni imefika barabarani tangu adhuhuri, watu wamebeba watoto mabegani. Tukashinda. Uwanja mtupu uko wapi? CAF, shirikisho la soka Afrika, walitupokea Machi 2017, Julai wakatufuta. Tukitaka kuvaa jezi ya Zanzibar tukacheza na jirani, mlango wetu ni Chalenji. Kwenu ni mechi za mazoezi, kwetu ndiyo taifa lenyewe. Anayesema lizikwe ajue anamzika nani.

Kasarani Kwetu: Pole, Bi Chake, sikukusudia kukuumiza. Lakini jibuni hili: kama ni taifa, mbona Fei Toto, kiungo wenu Mzanzibari, anachezea Taifa Stars ya Tanzania?

Gombani Juu: Sasa afanyeje? Machakos alikuwepo na jezi yetu. AFCON hatuna kiti, kwa hiyo aache mpira? Au umpe nafasi kwenye Mombasa yako?

Mzee wa Ilala: Fei ni wetu sote. Tatizo Stars hawamtumii vizuri, yule ni namba kumi, acheze nyuma ya mshambuliaji.

Gombani Juu: Hapo Mzee umesema. Kila kocha anamrudisha chini akakabe.

Mbale Boy: Namba kumi? Huyo ni namba nane, kiungo wa kati, na kwa mashuti yale ya mbali, mkimsogeza mbele mnamuua.