Mjadala: Je, tarakimu za Saurashtra zilistahili nafasi zake katika Yunikodi?

Mwandazi: Tangu toleo la 5.1 la mwaka 2008, Yunikodi, kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, imezipa tarakimu kumi za hati ya Saurashtra nafasi A8D0 hadi A8D9, ilhali Wasaurashtra wa Madurai, kusini mwa India, huandika bei na nambari za simu kwa 0 hadi 9 kama majirani zao Watamili. Kulikuwa na haja gani, iwapo fonti ingeweza kuzichora tarakimu za kawaida kwa sura hiyo?

Karani: Haja ilikuwepo. Chukua kitabu ambacho kurasa zake zina tarakimu za Saurashtra, lakini mwaka wa kuchapwa umeandikwa kwa tarakimu za kawaida. Ukitegemea fonti peke yake, tofauti hiyo hupotea pindi faili inapofunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile. Tena kila tarakimu imesajiliwa pamoja na thamani yake, ndiyo maana ukiipa Python, lugha ya kuandikia programu, ꣑꣒ iigeuze kuwa namba, inakurudishia 12.

Mwandazi: Sipingi kuhifadhi nyaraka, ila tukumbuke kwamba hati yenyewe ilirekebishwa juzi tu, miaka ya 1880, kwa sehemu ili iendane na uchapaji.

Sauti ya Wachache: Hiyo "juzi tu" imenikera. Kuziacha herufi za kuunganishwa, yaani konsonanti kadhaa zinazochorwa kama herufi moja, ili hati ichapike kwa urahisi si kubuni hati mpya. Na hata ingekuwa mpya, Sequoyah, Mcheroki wa Amerika Kaskazini, alikamilisha hati ya Kicheroki mwaka 1821, na sijasikia ukiihoji hiyo.

Mwandazi: Usinilishe maneno. Wanaoikataa hati hiyo wamo ndani ya jamii yenyewe, wengine wakipendelea Devanagari, hati inayoandikia Kihindi, na wengine hati ya Kitamili.

Sauti ya Wachache: Basi waamue wao, wafumaji wa hariri waliotunza lugha yao kati ya Watamili kwa karne nyingi, si mimi wala wewe.

Fundi Msimbo: Mmehamia kwenye swali la watoto wafundishwe hati gani, na hilo haliamuliwi na Yunikodi. Herufi ikishasajiliwa haiondolewi. Linalonisumbua mimi ni usalama, kwa sababu Saurashtra imewekwa miongoni mwa hati zenye matumizi finyu, na programu nyingi hupokea tarakimu yoyote bila kuuliza ni ya hati gani, hivyo tarakimu isiyozoeleka yaweza kupenya bila kugunduliwa.

Sauti ya Wachache: Matumizi finyu kwa nani? Rekebisheni programu zenu, msiwatupie lawama wenye hati.