Mrejesho: Picha za ndege ndani ya msitu wa Amani

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nifanyeje ili picha za ndege katika msitu wa Amani, kule Muheza, zisitoke na giza, maana miti imesongana na jua halifiki chini. Mlioshauri nisubiri kwenye mti wenye matunda badala ya kuwafukuzia ndege, asanteni sana! Nilikaa karibu na mkuyu wenye matunda mabivu na hondohondo wakaja wenyewe; mvumo wa mabawa yao unausikia kabla hujawaona.

ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) nilipandisha hadi 3200, kasi ya shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga) sekunde 1/250 kwa ndege aliyetulia. Chembechembe kwenye picha zipo, lakini manyoya yanaonekana vizuri. Kilichosaidia kuliko vyote ni kulenga fokasi kwa nukta moja niliyoichagua mwenyewe. Kamera ikijichagulia, hushika majani ya mbele. Ndege akiwa juu na mbingu nyuma yake, ongeza mwanga wa picha hatua moja kwenye kamera, la sivyo anabaki kivuli.

Flashi sikutumia, wala sikucheza milio ya ndege kwenye simu. Anayeatamia asisumbuliwe kwa ajili ya picha.

Bado sijampata chozi wa Amani, ndege mdogo: yuko vileleni mwa miti na hatulii. Mwenye mbinu ya kumpata huyo, naomba.