Mrejesho: kwa nini uvimbe wa mama ulichelewa kusinyaa

Mwezi uliopita niliuliza kwa nini tezi za kijana wa jirani, mwenye limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), ziliyeyuka ndani ya wiki mbili za mionzi, ilhali uvimbe wa mama kwenye shingo ya kizazi ulikuwa vilevile. Mliniambia nimwulize daktari wake wa mionzi. Nimemwuliza, na nawashukuru mno.

Alichora duara nyuma ya kadi ya mama. Seli za pembeni ziko karibu na mishipa ya damu, za katikati zinakosa oksijeni. Isiyo na oksijeni huhitaji dozi kubwa mara 2.5 hadi 3 ndipo ife. Kumbe ndiyo maana mama alipoonekana hana damu ya kutosha walimwongeza chupa mbili kwanza! Mimi nilidhani wanatupotezea muda.

Halafu saratani zenyewe hazilingani. Limfoma hufa kwa dozi ndogo, melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) ni sugu, ya mama iko katikati. Hata ndani ya uvimbe mmoja, seli iliyo katika kujigawa huumia upesi kuliko inayonakili vinasaba vyake, kwa hiyo dozi hugawanywa siku kwa siku: iliyoponyoka leo ikutwe kesho. Sisplatini, dawa ya saratani anayopewa kila Jumatatu, nayo huzidisha makali ya mionzi.

Na seli iliyojeruhiwa yaweza kujigawa mara kadhaa kabla ya kufa, kwa hiyo uvimbe kuchelewa kusinyaa si lazima kuwe na maana kwamba mionzi imeshindwa. Hilo lilinituliza sana.

Mama amemaliza mionzi ya nje mara 25. Damu imekoma kutoka. Jumanne tunaanza mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe.