Naomba ushauri: sidiria ya lesi hailali kifuani

Habari zenu wapendwa. Nashona sidiria za lesi mwenyewe, na kwa macho zinapendeza: vikombe nimeviwekea bitana ya neti isiyovutika, ukingo wa maua nimeuacha juu bila kuupinda. Shida iko katikati. Kile kipande kinachounganisha vikombe kinaelea, kidole kinapita chini yake bila kugusa kitu, na waya zinakalia titi badala ya kulizunguka. Mkanda wa mgongoni haupandi, kwa hiyo sidhani kama umelegea. Nahisi vikombe ni vidogo, ila juu havibani hata kidogo! Je, niongeze kina chini ya kikombe tu, au nibadilishe waya kwanza? Lesi iliyobaki ni kidogo, sitaki kukata ovyo.