Ukingo wa graniti jikoni, nikate upi?

Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Niko Nakuru, namalizia jikoni na fundi anangoja nimwambie ukingo wa graniti aukate vipi ndio aanze kung'arisha. Jiwe ni jeusi, unene 20mm, kaunta ni ya L na kona moja iko pale pale watoto hupitia mbio wakitoka nje.

Mimi nilitaka ule wa mraba uliolainishwa kidogo tu, unakaa kisasa na si ghali, lakini wa jirani sufuria zishaumegua hapo kwa sinki. Fundi naye anapenda mviringo kamili juu hadi chini, sasa huo maji huufuata yanateremka hadi kwa kabati, na zangu ni za MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, zikilowa zinafura (na kwangu vyombo haviachi kuoshwa). Alinikatia kipande cha nusu mviringo, juu pekee, nikakimwagia maji yakadondoka chini vizuri, ila kwa jiwe jembamba hivi umbo halionekani sana.

Wenye mmetumia nusu mviringo kwa 20mm, umekaaje baada ya muda? Na hiyo kona, izungushwe kiasi gani?