STI yangu ya Kampala: niitune kwa petroli ipi? Ya kawaida, ya bei ya juu, toluini au ethanoli?

BoksaNtinda
Habari zenu wakuu. Nina Subaru Impreza STI ya 2006, injini EJ207 ya Japani. Ndiyo hizi ambazo, tangu sheria ya 2018 inayozuia kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi, usingeweza kuingiza nyingine leo. Nimefunga ekzosi kamili, intakula ya mbele (kipoza hewa ya turbo), pampu kubwa ya petroli na injekta. Turbo ni ileile ya kiwandani. Sasa fundi wa laptopu wa kuituni, yaani kupanga upya kompyuta ya gari, kabla hajaigusa ameniuliza swali moja tu: utakuwa unaweka petroli gani? Nimebaki namtazama.

Ndani ya kifuniko cha tangi kuna kibandiko cha Kijapani kinachodai petroli ya oktani ya juu. Kule kwao pampu ya namna hiyo huuza oktani 100. Hapa sijaiona pampu hiyo. Ninayoyaona ni petroli ya kawaida, ile ya bei ya juu kama V-Power, kuchanganya toluini (kiyeyushi cha rangi), kuchanganya ethanoli, na zile chupa za dukani za kuongeza oktani. Gari ni la kila siku, Ntinda hadi mjini kwenye foleni, na mara kwa mara Mbarara kwa wazazi. Semeni nyinyi mliotangulia.

TurboMoto
Usijisumbue kaka. Jaza ya bei ya juu, oktani kubwa ndiyo nguvu. Mimi nikiijaza Mark X yangu nasikia kabisa linavyoruka.

FundiNdeeba
TurboMoto, hapo nakukatalia kidogo. Oktani haipimi nguvu iliyomo ndani ya petroli. Inapima ustahimilivu wake: ibanwe kiasi gani, ipate joto kiasi gani, kabla haijajilipua yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Kipimo chenyewe ni cha kulinganisha. Isooktani safi imepewa 100, heptani imepewa 0, na petroli yako hulinganishwa na mchanganyiko wa hizo mbili kwenye injini maalumu ya maabara yenye silinda moja. Basi. Gari lililopangwa kiwandani kunywa 91 ukilipa 98 hulipati jipya, isipokuwa kama kompyuta yake ina nafasi ya kusogeza mbele taimingi (wakati wa cheche) ikiona petroli nzuri. Mark X yako ina kompresheni ya juu (yaani pistoni inaibana hewa sana), huenda kweli unaisikia. Ila si kwa sababu uliyoitaja.

Sasa STI. Kompresheni yake ni 8.0 kwa 1, mtu akiisoma kwenye karatasi anaona ni injini ya upole. Turbo ndiyo inayoharibu hesabu. Hewa inaingia silindani ikiwa imeshabanwa na imeshapata moto, halafu pistoni inaibana tena. Mwako ukianza vizuri pembeni mwa plagi, ile petroli iliyobaki kwenye kona hubanwa na moto unaoijia. Ikishindwa kuvumilia, inalipuka yote kwa mpigo. Huko ndiko kugonga. Kwa silinda ya milimita 92 kama hii mlio wake uko kwenye kilohezi 6 hivi, na sensa iliyofungwa kwenye bloku husikiliza karibu na hapo. Ukishausikia wewe kwa sikio, ukiwa umefungua ekzosi namna hiyo, pistoni zimeshasikia kitambo.

Jambo la pili, na hili limewaua wengi. Ukisoma mtandaoni Mmarekani anasema "mimi natuni kwa 93", hiyo si 93 yetu. Wao huandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON (injini ikiwa kwenye kazi nyepesi) na MON (kazi nzito, namba yake huwa ndogo). Sisi, Wajapani na Wazungu wa Ulaya tunataja RON peke yake. 93 ya Marekani ni karibu 98 ya huku, na 91 yao iko kwenye 95 au 96. Chukua programu iliyoandikwa kwa 93 ya kwao, uimimine kwenye STI inayokunywa RON 93 ya kituo cha Kampala, halafu ukanyage Northern Bypass usiku. Nitakuona soko la vipuri la Kisekka ukitafuta bloku.

BoksaNtinda
Asante fundi. Hiyo ya Marekani sikuijua, na programu niliyotumiwa na rafiki ni ya huko huko.

FundiNdeeba
Ifute.

DadaAltezza
Niongeze la mwinuko maana naona kila mtu analiruka. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya hapa ina presha ya kilopaskali 88 hivi, pwani ni 101. Altezza yangu RS200 haina turbo na kompresheni ni 11.5, Japani inataka ile ya juu. Hapa naiendesha na petroli ya kawaida na hailalamiki, kwa sababu kila pistoni ikishuka inavuta hewa pungufu kwa zaidi ya moja ya kumi. Mwinuko unakusaidia bila kukutoza.

Utashukuru mpaka siku uende Mombasa. Nilishuka na gari hilohilo sikukuu moja, nikajaza njiani kituo cha kawaida tu. Mpaka Voi hakuna neno. Nilipoanza kukaribia pwani, joto la mchana, AC imewashwa, gia ya tano nikikanyaga kupita lori, ikaanza ile sauti ya njugu zikitikiswa kwenye kopo. Nikiachia inanyamaza, nikikanyaga inarudi. Petroli ileile, taimingi ileile, hewa ndiyo iliyobadilika. Nikawa napunguza gia badala ya kuilazimisha, na nilipofika nikajaza oktani ya juu. Ikatulia.

Kwa hiyo anayesema "yangu inakunywa kawaida na iko sawa", muulize anaishi wapi. Wa Kabale na wa Mombasa hawawezi kupeana ushauri wa oktani.

TurboMoto
Basi STI nayo ipo salama hapa juu, si ndiyo? Hewa nyepesi.

FundiNdeeba
Dada kasema kweli kwa injini isiyo na turbo. Kwa turbo hesabu inageuka, na inategemea presha inadhibitiwaje. Kama ni springi tu kwenye wesgeti (mlango unaopunguza presha ya turbo), geji ikisoma baa 1 hapa Kampala, jumla ni 1.88. Pwani geji hiyohiyo ikisoma 1, jumla ni 2.01. Hapo mwinuko umekusaidia kweli. Lakini kama kompyuta inalenga presha ya jumla, tuseme baa 2, basi turbo inatakiwa izidishe hewa mara 2.27 kutoka kwenye 0.88, wakati pwani ingeizidisha mara 2 tu. Inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka na moto zaidi. Moto wa hewa ndio adui wa kwanza wa oktani. Intakula ya mbele aliyofunga Boksa ina faida kubwa kuliko chupa yoyote ya dukani, na haihitaji kujazwa tena.

MzeeWaLugazi
Vijana, chupa za dukani nizimalize kwa sentensi chache. Ikisema "inaongeza pointi 30", pointi moja kwao ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 30 ni oktani 3, tena kwa kipimo kilichoandikwa, tena kama inasema ukweli. Nyingi hutumia madini ya manganizi, na yakizidi yanaacha rangi ya kutu kwenye plagi. Nimeondoka hapo.

Toluini ni habari nyingine. Hii inafanya kazi. RON yake ni juu ya 110, na imo ndani ya petroli ya kawaida tangu mwanzo. Ukiweka lita 5 kwenye lita 45 za petroli unapanda kama oktani 2 hadi 3. Wauzaji wa kemikali za rangi eneo la viwanda wanayo. Lakini fikirini maisha yenyewe: unabeba jerikeni la toluini kwenye buti mpaka Mbarara? Mvuke wake unapanda kichwani, unalewesha, na hautakiwi kuvutwa wala kumwagikia ngozi. Kwa siku ya mashindano, ukiwa na mtu wa kupima na mahali pa kuhifadhi, sawa. Kwa foleni ya Jinja Road hapana.

Kuna watakaokunong'oneza petroli ya ndege ndogo. Ile 100LL ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita. Nchi zetu ziliondoa risasi kwenye petroli ya magari kufikia 2006 na wewe unairudisha mwenyewe. Itaua sensa ya oksijeni, itaua kikatalisti (kisafisha moshi), kisha kompyuta itakuwa inatuni kwa kubahatisha.

BoksaNtinda
Na ethanoli mzee? Kakira wanatengeneza hapo hapo karibu nasi.

MzeeWaLugazi
Ndiyo, molasi ipo na kiwanda kipo. Ethanoli ni tamu kwa turbo, naipenda kuliko zote. Oktani yake ni zaidi ya 105, na ikivukiza inapoza hewa inayoingia. Mizani yake ndiyo tofauti. Petroli inataka hewa mara 14.7 ya uzito wake, ethanoli tupu inataka mara 9 tu. Maana yake ukienda kwenye mchanganyiko wa asilimia 85 unahitaji mafuta zaidi kwa kama asilimia 40, kwa hiyo injekta, pampu na mabomba yote yafanyiwe hesabu upya, na tangi litaisha mapema safari ya Mbarara.

Jambo linalosahaulika ni maji. Spiriti ya kawaida ya asilimia 95 au 96, iliyobaki ni maji. Ichanganye kidogo kidogo kwenye petroli, ikikutana na baridi ya usiku maji yanajitenga na kukaa chini ya tangi, mahali hasa pampu inaponyonya. Inayotakiwa ni ile iliyokaushwa, zaidi ya 99. Na uwe na sensa inayopima asilimia ya ethanoli, maana leo utachanganya 20, kesho mtoto wa jirani akusaidie iwe 12.

KyambuMbarara
Mimi niko huku anakokuja Boksa. Mnajadili 95 na 98, huku kwetu swali ni kama uliyouziwa ni petroli. Wapo wanaochanganya mafuta ya taa. Serikali huweka alama ya kikemikali kwenye mafuta yaliyolipiwa ushuru na watu wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, hupita kupima, imesaidia, ila kituo kidogo cha njiani saa mbili usiku hakuna wa kukupimia. Mafuta ya taa yana oktani duni mno. Hata kiasi kidogo tu kinashusha petroli oktani kadhaa. Gari la abiria litakohoa kidogo na kuendelea. STI yenye presha iliyopandishwa haitakohoa, itatoboa pistoni.

Mimi najaza kwenye kituo chenye foleni ya teksi na malori. Petroli yake haikai, inauzwa na kuja nyingine. Tena sijazi lori la mafuta likiwa linashusha, uchafu wa chini ya tangi unakuwa umetibuka.

FundiNdeeba
Kyambu amemaliza mjadala bila kujua. Boksa, usitune kwa petroli bora unayoweza kuipata. Tuni kwa petroli mbovu kuliko zote ambayo kweli itaingia kwenye tangi hilo, nayo ni ile ya safari ya Mbarara. Halafu uijaze ya bei ya juu kila inapopatikana. Ile tofauti iwe akiba yako, usiitumie. Utapoteza nguvu farasi kadhaa ambazo kwenye foleni ya Ntinda huzihitaji.

Na ya bei ya juu usiitukuze kwa jina lake. Sehemu kubwa ya unachokilipia ni dawa ya kusafisha injekta, jambo jema, lakini si lazima namba ya oktani iwe imepanda. Ingia ofisini kwa meneja wa kituo, omba kwa adabu kuona karatasi ya ubora ya mzigo wao. Anayejua kazi yake atakuonyesha RON. Akikuambia "ssebo, hii ni super tu", umeshapata jibu.

Nami nisingekutuni bila kuona rekodi. Mwambie fundi wako aunganishe laptopu, mkapande Seeta gia ya tatu, kanyagio mpaka chini, mtazame namba mbili. Moja ni ile ambayo kompyuta ya Subaru hutumia kuonyesha inavyoiamini petroli: ikiwa kamili ni 1, na kwenye kompyuta za zamani ni 16. Ikishuka chini ya hapo gari limeshaamua petroli ni mbaya na limerudisha taimingi kila mahali. Ya pili ni nyuzi za taimingi ambazo gari linarudisha papo hapo likisikia kugonga. Sifuri sifuri sifuri ni raha. Minasi moja na nusu mara moja kwenye shimo la barabara, ni mtikisiko. Minasi tatu ikijirudia pale pale, kwenye mizunguko ileile, zima, rudi gereji, punguza presha. Kisha ng'oa plagi uangalie kauri kwa tochi. Vidoadoa vidogo vinavyong'aa kama pilipili ya fedha ni aluminiamu ya pistoni. Plagi zenyewe funga za baridi hatua moja. Kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi, kutoka 6 uende 7.

TurboMoto
Sawa fundi nimekuelewa. Lakini si anaweza kuwa na programu mbili? Ya mjini na ya safari?

FundiNdeeba
Anaweza, nami ningempa. Ila ya kali iwe ndani ya laptopu ya fundi, isiwe kwenye swichi ya dashibodi. Namfahamu mwenye swichi.

BoksaNtinda
Hahaha. Basi nimeamua: tunatuni kwa ya kawaida, presha tunaishusha kidogo, najaza ya juu nikiwa Kampala, toluini na ethanoli naziacha kwa watu wa mashindano wenye trela. Jumamosi tunapanda Seeta, nitaweka rekodi hapa mzisome.

NakatoForester
Samahani kuingilia. Yangu ni Forester ya kawaida isiyo na turbo, hajaguswa chochote. Nayo niiwekee ya bei ya juu?

DadaAltezza
Hapana mpenzi. Angalia kibandiko cha kifuniko cha tangi kwanza, kama hakidai, weka ya kawaida kituo chenye foleni, hiyo pesa nunulia oili. Hizo Forester zinakula oili, pima kila ukijaza.