Maji ya mvua yanaingia ndani ya gari na waranti bado ipo, nianzie wapi?

Uyole Juu: Wakuu habari, gari yangu ina miezi minane tu toka niichukue mpya, sasa mvua za huku Mbeya zikipiga usiku asubuhi nakuta kapeti la mbele upande wa abiria limelowa chapachapa, harufu ya ukungu imeanza na mtoto ana pumu, inaniuma kweli. Nimeirudisha mara mbili kwa walioniuzia, wanakausha tu wanasema hamna kitu.

Fundi Mwanjelwa: Pole sana mkuu. Washa AC siku ya jua, kapeti likilowa basi ni kipaipu cha kutolea maji ya AC kimeziba, si mvua. Kama kukavu, fungua boneti uangalie chini ya waipa, majani yakiziba pale maji yanajaa yanashukia kwenye feni ya hewa. Halafu inua kapeti, mtu akae ndani na tochi, wewe mwaga maji kwa mpira taratibu ukianzia chini ndo upande juu, kila sehemu dakika kadhaa, ukianza juu yanatiririka kote hutajua yalipoingilia.

Mama Tukuyu: Usipake silikoni mwenyewe kaka, watakukatalia waranti. Piga video, dai jobukadi (karatasi ya kazi waliyofanya) kila ukienda, na wamwage maji ukiwepo.

Uyole Juu: Asanteni sana, majani ya mparachichi nimetoa ila maji bado yanaingia, tumeona yanatokea kona ya kioo cha mbele. Video ninayo, Jumatatu narudi kwao.